Kinga ya kipandauso kando ya ziwa

Mwanza, kuanzia mwalo wa Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, kichwa kikiuma mtu hufikiria malaria kwanza, na ana haki. Lakini kipimo kikionyesha hakuna vimelea, kisha maumivu yakarudi tena na tena, yakigonga upande mmoja, kichefuchefu juu, macho hayataki mwanga, huenda hicho ni kipandauso. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100, wengi wao wanawake.

Wengi hukimbilia Panadol. Ukiimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, yenyewe inaweza kuanza kukuumiza kichwa. Anayeshikwa mara kwa mara anahitaji dawa ya kinga, inayomezwa kila siku hata asipoumwa.

Za bei nafuu ni mbili: propranolol, ambayo ni dawa ya moyo, na amitriptilini, ya sonona. Kwa nguvu ya kuzuia maumivu haziachani sana. Ndiyo maana naona swali la "ipi kali zaidi?" halimsaidii mgonjwa; aulizwe analala saa ngapi na anafanya kazi gani. Amitriptilini humezwa jioni na huleta usingizi. Mchuuzi wa samaki anayekosa usingizi ataifurahia. Mvuvi wa dagaa je? Usiku usio na mbalamwezi yuko katikati ya ziwa, taa zinawaka, anavuta wavu; akisinzia anaweza kutumbukia majini. Huyo propranolol itamfaa zaidi, ila akiwa na pumu asiiguse kabisa, kwa sababu hubana njia za hewa.

Topiramati na valproeti nazo hukinga, lakini zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, valproeti hasa. Msichana asianzishiwe bila kuulizwa kuhusu ujauzito. Sindano mpya za kila mwezi, zilizoidhinishwa Marekani kuanzia 2018, bei yake bado ni ya matajiri.

Dozi huanza ndogo, na dawa isihukumiwe kabla ya wiki 8 hivi. Mashambulizi yakipungua nusu, imefanya kazi. Na malaria ikithibitika kweli, anayetumia amitriptilini amwambie tabibu kabla ya kuandikiwa dawa mseto ya ALu, maana zikikutana zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.