Umepanda nyanya shags Ekerenyo? Hii ndio njia ya kuziokoa kabla kuku wa jirani hawajakula doo yako

Ukisoma story za wakulima wa Marekani, kilio chao ni dia, mnyama fulani kama swara anayeruka ua wa kawaida usiku na kumaliza bustani. Wengine huweka ua wa futi 8! Huku Ekerenyo, Nyamira, hatuna dia. Tuko na kuku, mbuzi, na mvua. Na hao watatu wanaeza kukutoa kwa game mapema, wasee.

Tuanze na mvua, juu ndio adui mkubwa. Nyamira ni juu, kuna baridi, na maji hushuka karibu mwaka mzima. Majani yakikaa maji, blaiti inaingia: yanageuka meusi kama yameunguzwa, na shamba linaeza kuisha ndani ya siku chache. Kwa hivyo cheza na kalenda. Anza kitalu mwisho wa Oktoba, hamisha miche mapema Disemba, uvune Februari na Machi kabla masika ichachamae.

Panda kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, hewa ipite. Funga kila mche kwa kijiti, ng'oa vichipukizi vya kwapani, kata majani yanayogusa udongo. Ukimwagilia, mwaga chini asubuhi, si juu ya majani. Ukipiga dawa, soma pakiti: kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na hiyo nyanya italiwa na watoto wa mtu.

Sasa kitu wengi hawajui: rinagu, ile managu ya mathe, ni ndugu wa nyanya. Viazi na pilipili pia. Zinabeba magonjwa yaleyale, hasa mnyauko, ule wa mmea kulala mchana ukiwa bado kijani. Usipande nyanya pale rinagu ilikuwa msimu uliopita. Pale chinsaga au maharagwe yalikuwa, uko sawa.

Halafu ua. Kuku hufukua miche na kudonoa nyanya ikianza tu kuiva. Zungusha waya wa kuku na uzike ukingo wake chini kidogo, la sivyo watapita chini. Mbuzi anataka ua wa mita 1.2 kwenda juu, na nguzo ngumu, juu yeye husukuma. Huna doo ya waya? Matawi ya miiba yaliyosukwa vizuri yanafanya kazi. Na vuna nyanya zikianza kugeuka rangi, ziivie ndani ya nyumba.

Mashamba yetu yamebanana, boma la jirani liko hatua chache. Mbuzi mmoja usiku mmoja anakula kazi ya miezi mitatu, na asubuhi watu wawili waliosoma pamoja hawasalimiani. Waya ni bei rahisi kuliko hiyo beef.