Newala, 1916: Boma Lililokatiwa Maji

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo huko Ulaya ilizaa vifaru, yaani magari ya chuma yenye silaha yanayotembea kwa minyororo, ilipiganwa Newala na Masasi kwa miguu, kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo na barabara za magari mazito hazikuwapo, hivyo risasi na unga vilipanda Uwanda wa Makonde mabegani na vichwani mwa wapagazi.

Shida kubwa ya uwanda huo ni maji. Juu kuna mchanga unaokunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini mabondeni, kiasi kwamba kwa vizazi vingi wanawake wameteremka alfajiri na kupanda tena njia ileile ya mwinuko, mkono mmoja ukiushika mtungi kichwani. Wareno, ambao Ujerumani iliwatangazia vita Machi 1916, walivuka Mto Ruvuma mwezi Septemba wakiongozwa na Jenerali Ferreira Gil, na mwishoni mwa Oktoba wakaliteka boma la Newala, ngome ya utawala wa Kijerumani iliyokuwa ukingoni mwa uwanda. Kuliteka kulikuwa rahisi kuliko kukaa ndani yake. Mwezi Novemba kikosi cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, chini ya Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari Königsberg iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, kililizingira boma, kikawanyang'anya Wareno mahali pa kuchotea maji na kuanza kuwapiga mizinga, hata ilipofika tarehe 28 wakatoroka wakiacha silaha na akiba zao. Kiu ndiyo iliyowashinda kabla ya mizinga.

Wapagazi ndio waliolipa gharama kubwa zaidi ya vita hivi, na ni jambo la kusikitisha kwamba jina lao limebaki hasa katika Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali palipokuwa na kambi yao upande wa Waingereza. Makadirio ya waliokufa upande huo peke yake yanafikia takriban 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa, wala si kwa risasi.

Mwaka 1917 vita vilirudi. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba, Waingereza waliiteka Ndanda, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia Chiwata akiwaacha wagonjwa na majeruhi. Tarehe 21 Novemba meli ya anga L59, chombo kikubwa kinachoelea kwa gesi ya haidrojeni, iliondoka Bulgaria ikimpelekea dawa na risasi, huku kitambaa chake kikikusudiwa kushonewa mahema na nguo, lakini iliitwa irudi ikiwa juu ya Sudan. Tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Ngomano na kujipatia akiba za Wareno. Siku tatu baadaye Kapteni Theodor Tafel, aliyetoka Mahenge kumtafuta, alisalimu amri karibu na Newala akiwa na askari zaidi ya elfu moja waliokwisha kuishiwa chakula, mwendo mfupi tu kutoka kwa kamanda waliyekuwa wakimfuata.