Je, Wajua? LED Nyekundu Yaweza Kuchukua Nafasi ya Rezista Kwenye Amplifaya ya Vali

Vali haikuzi sauti vizuri mpaka gridi yake iwe hasi kidogo kuliko kathodi. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na rezista iliyo chini ya kathodi: mkondo ukipita, kathodi hupanda volti moja au mbili. Lakini muziki unapobadilisha mkondo, volti hiyo nayo huyumba na kupunguza ukuzaji, ndiyo maana huongezwa kapasita kubwa sambamba na rezista. Kapasita ya aina hiyo hukauka taratibu kwa joto la vali. Hapo ndipo LED nyekundu inapostahili nafasi, kwani ikiwaka hushikilia takriban volti 1.7, na mkondo ukipanda au kushuka volti hiyo hubadilika kidogo tu. Kapasita haihitajiki tena. Tena LED ikizimika, fundi anajua papo hapo kuwa mkondo umekatika.

Wapo wanaohofu kwamba kifaa kisichofuata kanuni ya Ohm kitaharibu sauti. Hoja hiyo ipimwe kwa namba. Kwenye miliampea 5, LED huwa na ukinzani wa ohmu 10 hivi kwa mawimbi ya muziki. Katika vali ya ECC82, inayokuza karibu mara 17, hizo huonekana kwenye anodi kama ohmu 180 tu, mbele ya ohmu zaidi ya 7,000 za vali yenyewe. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni uzee wa vali: rezista hufidia mkondo unapopungua, LED haifidii. Kwenye hatua za mwanzo bado naichagua LED. Kwenye vali za nguvu kama EL34, zinazohitaji volti nyingi zaidi, rezista ibaki.