Kimo cha Ukuta na Mstari wa Jicho

Mwenye nyumba anayechunguliwa na jirani wa ghorofani kwa kawaida humwita fundi aongeze kozi za tofali. Ni uamuzi wa haraka, wa gharama, na mara nyingi haumfichi. Kinachoamua kama unaonekana ni mstari unaotoka kwenye jicho la mtazamaji hadi pale ulipokaa, na mstari huo unakatwa kwa urahisi zaidi karibu na kiti chako kuliko mpakani. Tuchukue dirisha ambalo jicho la jirani liko mita 4.5 kutoka chini, na ukuta ulio katikati, mita 5 kutoka kwake na mita 5 kutoka kwako. Ukikaa kitako, utosi wako uko kwenye mita 1.3 hivi. Pale mpakani mstari unapita kwenye mita 2.9, kwa hiyo ukuta wa mita 2 haukufichi, na hata ukiongezwa kozi mbili bado utaonekana. Ukirudi hadi mita 1.5 kutoka kwenye kiti, mstari huohuo umeshuka hadi mita 1.8. Hapo mpasheni uliotambazwa kwenye kiunzi cha fito kinachozidi kimo cha mtu kidogo tu unatosha, na ukiuvusha juu ya kichwa, madirisha ya ghorofa za juu zaidi nayo yanazibwa.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliufahamu mstari huu vizuri. Anayepita njiani huona daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Kutoka hapo njia ya kuingilia inajikunja kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani, hivyo hata mlango ukiwa wazi jicho linaishia ukutani.

Watu husema ukuta mrefu huzuia wezi. Ni kweli kwa kiasi fulani, ila ukishavukwa humsitiri aliyeingia kama unavyokusitiri wewe. Tena msingi uliochimbwa kwa ajili ya kozi 8 haukuandaliwa kubeba 16: kwa upepo uleule, kimo kikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuupindua ukuta inaongezeka mara nne. Ukuta usio na matundu humnyima mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ubaridi wa upepo wa bahari, na upepo unaofanikiwa kuruka juu yake huanguka upande wa pili ukizungukazunguka na kupeperusha vumbi. Majani hupitisha sehemu ya upepo na kuituliza iliyobaki.

Pingamizi lenye uzito kwangu dhidi ya ua wa mimea ni muda. Michongoma haikui kwa msimu mmoja, wala miashoki. Lakini kiunzi chenye mkeka au makuti kinasimamishwa leo, na mmea unakua nyuma yake. Hofu ya nyoka nayo ina msingi pale ua unapoachwa uwe kichaka. Ondoa majani makavu chini yake kila mara. Unapoupogoa, acha chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike matawi ya chini, maana ua ulionenepa juu hukauka miguuni na kuacha mwanya usawa wa mtu aliyekaa. Manyara, ambayo hushika kirahisi kwa kuchomeka kijiti tu, ina utomvu unaoweza kudhuru macho vibaya: isipandwe watoto wanapochezea, na anayeikata avae miwani.