Ramani za alizeti: programu bure, uendeshaji una bei

SINGIDA – Wanunuzi wa alizeti na vitunguu wa Iramba, Mkalama na Ikungi wanaotaka kuwa na ramani zao za vituo vya mazao na njia zinazopitika wakati wa mvua hawalazimiki kununua leseni. GeoNode, programu huria ambayo Resilience Academy hapa nchini huitumia kuhifadhi data za ramani, haina ada.

Gharama ipo kwenye seva, umeme na fundi. Tovuti, GeoServer inayochora ramani na hifadhidata ya PostGIS, kila moja hufungwa katika kontena lake. Kama shehena ya bandarini, kontena huhamishika kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kufunguliwa. Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, ndiyo msimamizi wa yadi: kontena likizimika, huwasha jingine.

Tahadhari kwa wenye mali: kontena likifutwa, kilichoandikwa ndani yake hufutika nalo. Ramani za msimu mzima zikae kwenye diski ya kudumu nje ya kontena, na nakala iwekwe jengo jingine.

Mwenye seva moja asihangaike na Kubernetes, kwani seva ikianguka na msimamizi huanguka. Docker Compose inamtosha. Fedha inayobaki ilipie nakala.