Madumu 23 kwa Kila Kiti

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni kama kilomita 11,835. Usiufuate mstari ulionyooka wa rula kwenye ramani ya ukutani: utasafiri karibu 12,180, maana ramani imeilazimisha dunia ya mviringo ilale bapa. Chukua tufe, kaza uzi kati ya miji hiyo miwili. Uzi utapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Aljeria na Moroko, kisha utaingia Atlantiki. Zile kilomita 345 ulizookoa ni kama lita 3,000 za mafuta.

Na mafuta ndiyo roho ya safari hii ya moja kwa moja. Kenya Airways ilipoianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234, ilitangaza kwamba kila upande utahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa gramu 800 hivi, kwa hiyo tani 85 ni takriban lita 106,000. Zigawe kwa viti: lita 454 kila kimoja. Hayo ni madumu 23 ya lita 20, yale yale tunayotekea maji. Bei ya lita ikipanda senti 1 tu ya dola, gharama ya kwenda peke yake inaongezeka zaidi ya dola 1,000.

Isitoshe, mafuta yenyewe ni mzigo. Yale ya saa ya mwisho hubebwa saa 14 kabla ya kuchomwa, na kuyabeba kunakula mafuta mengine. Ndege hii hairuhusiwi kuruka ikizidi tani 228 hivi. Zaidi ya theluthi ya uzito huo huwa ni mafuta.

Hapo ndipo Embakasi, ulipo Uwanja wa Jomo Kenyatta, inapobana. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hazisukumi kwa nguvu zake zote, mabawa nayo hayanyanyui vizuri. Jua likiwaka ndiyo kabisa. Kuondoka usiku, kukiwa na baridi, kunasaidia sana. Uzito ukizidi, mafuta ya safari hayaguswi: shehena ndiyo inayobaki, au viti vinaenda vitupu. Kurudi ni nafuu. New York iko karibu usawa wa bahari, na upepo wa juu wa Atlantiki husukuma kuelekea mashariki, ndiyo maana kwenda ni saa 15 na kurudi 14.

Ukipitia Amsterdam unafika kilomita 12,500 hivi. Dubai, zaidi ya 14,500. Lakini kwa mama anayekwenda kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza, naona kilomita si hesabu kubwa. Mzigo wake ni ule uwanja wa katikati: kutafuta geti usiku, mkoba begani, katika lugha asiyoijua.