Ushirombo: Kijiji chenye Asili ya Wasumbwa

Msafiri atokaye Kahama kwenda Lusahunga, kwa njia kuu ya magari yaendayo Rwanda na Burundi, hupita Masumbwe, kisha Ushirombo, kisha Runzewe. Ushirombo, uliokuwa kijiji hapo kale, leo ni mji mdogo na makao ya wilaya ya Bukombe. Wilaya hiyo ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipoundwa. Msafiri akishuka sokoni atasikia Kiswahili, na Kisukuma kingi. Kisumbwa, lugha ya wenyeji wa asili, hana budi kukitafuta. Lakini asidhani kwamba lugha hiyo imetoweka pale bila kuacha alama, maana imo katika majina ya mahali anapopita.

Na tuanze na jina la nchi. Sisi twasema Usumbwa. Wenyewe husema Busumbwa. Wafanya biashara wa pwani walipofika bara waliondoa herufi b, wakafuata desturi ya Kiswahili. Ndivyo Bunyamwezi ilivyokuwa Unyamwezi, na Busukuma ikawa Usukuma. Basi tazameni kata za wilaya ya Bukombe. Ushirombo na Uyovu yamevaa nguo ya Kiswahili. Bukombe yenyewe, na Bulega, Busonzo, Butinzya na Bugelenga, yamebaki na bu- yao ya zamani. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto jinsi lugha za Kibantu zilivyo ndugu hana haja ya kitabu kingine. Orodha ya kata zake yatosha.

Wataalamu wamekiweka Kisumbwa katika jamaa moja na Kisukuma na Kinyamwezi. Guthrie alifanya hivyo katika mpango wake wa mwaka 1948. Hata hivyo desturi za Wasumbwa zaelekea pia magharibi, na maneno mawili yatosha kutuonyesha. La kwanza ni jina la mtawala. Msukuma na Mnyamwezi humwita ntemi, au mtemi, lakini Msumbwa humwita mwami, kama watu wa Rwanda na Burundi. La pili ni chama cha Waswezi, ambao huadhimisha mizimu kwa ngoma na kwa siri zao. Jina hilo ndilo la Wachwezi, wale watawala wa hadithi za Bunyoro na nchi za maziwa. Kwa hiyo Wasumbwa walikaa mlangoni, kati ya nchi za watemi na nchi za wami.

Tena walikuwa wasafiri mashuhuri. Katika karne ya 19 walikwenda mpaka Katanga kutafuta shaba. Mmoja wao, mwana wa Kalasa, mfanya biashara wa shaba, alikaa huko akawa mfalme mwenye nguvu, na makao yake yalikuwa Bunkeya. Huyo ndiye Msiri, aliyeuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, watu wa Mfalme wa Ubelgiji walipokuja kuitwaa nchi yake. Wafuasi wake waliitwa Wayeke, na mtawala wao aliitwa mwami, kwa neno la kwao. Lugha yao walikwenda nayo, lakini wajukuu wao wengi husema Kisanga, lugha ya wenyeji wa huko. Neno mwami likabaki. Hapo twaona kwamba jina la cheo laweza kuishi kuliko lugha iliyolizaa.

Mwaka huo huo wa 1891 Mapadre Weupe, ambao walikuwa wameacha Kipalapala karibu na Tabora mwaka 1889, walifungua misheni Ushirombo. Padre Gerboin, aliyefanywa Askofu mwaka 1897, aliifanya misheni hiyo makao yake hadi alipofariki mwaka 1912. Basi Ushirombo ni miongoni mwa misheni za kale kabisa katika nchi hizi, na mgeni asipite bila kuitazama. Mapadre hao hawakufundisha tu, bali walisikiliza pia. Mmoja wao, Padre Capus, aliandika sarufi ya Kisumbwa, akakusanya hadithi, nyimbo na mithali. Kazi hizo zilichapishwa Ujerumani kabla karne ya 19 haijaisha.

Tangu hapo mambo mengi yamewachanganya watu. Wasukuma walihamia magharibi pamoja na ng'ombe na pamba zao, wakitafuta malisho na mashamba mapya. Katika miaka ya 1970 serikali iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na jirani wa zamani wakatengana. Kisha dhahabu ya Geita, Mbogwe na Bukombe ikaita vijana wa kila kabila, nao machimboni hawana lugha ya kuelewana ila Kiswahili. Hakuna aliyekikataza Kisumbwa. Lakini mtoto hujifunza lugha anayochezea, na wenzake wa kucheza wamekuwa wa namna nyingine.

Huko Ujerumani ya mashariki, katika nchi iitwayo Lausitz, wako watu waitwao Wasorbi, ambao lugha yao ni ya jamaa ya Waslavi. Vijiji vingi vya huko vina majina ya Kisorbi, ingawa wakazi wengi husema Kijerumani tu. Mji ambao Wajerumani huuita Bautzen, Wasorbi huuita Budyšin, na vibao vya njiani huandikwa kwa lugha zote mbili. Mgeni akisoma kibao hicho ajua kwamba yuko katika nchi yenye lugha mbili. Kwetu kibao chasema Ushirombo, basi. Nacho hakimwambii mpitaji kwamba lipo jina lingine.

Hatuwaombi walimu wapigane na Kiswahili wala na Kisukuma. Lugha hizo zimekuja na ndugu zetu. Twaomba kazi ndogo. Kila shule ina wazee karibu nayo, na wazee hao wanajua jina la kila kijito, kila kilima, kila bonde la mpunga, na mengi ya majina hayo hayajaandikwa popote. Mwalimu achukue daftari, aende pamoja na watoto, aulize: mahali hapa paitwaje, na kwa nini? Aandike neno kama mzee alivyolitamka, bu- ikiwa bu-, wala asilisahihishe kwa Kiswahili. Apande pia mpaka kwa warina asali wa pori la miombo, maana wao hujua majina ya miti ambayo mtu wa njia kuu hajui.

Padre Capus aliikuta lugha midomoni mwa watu wote, akaiandika. Sisi twaikuta kwa wachache, na hao wachache ni wazee. Daftari lisipofunguliwa katika miaka hii, atakayekuja baadaye atalisoma jina la Bugelenga kibaoni, lakini hatampata mtu wa kumwuliza maana yake.